Wote Walizaliwa Tarehe Moja Januari

Bomet, 9 Februari 2025

Kaka Kipyegon,

Chamgei. Mimi niko, nakula, nalala, ila baridi ya bweni hili ni ya kufukuza watu. Msalimie Shemeji Wacuka, vijana wako wawili, na wake zao, Mama Kiplimo na Mama Cheruto, pamoja na watoto. Nasikia Mama Kiplimo ana mimba tena. Aanze kliniki sasa, asingoje tumbo lionekane kutoka barabarani.

Uliniuliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Nikupigie usikie nini? Miaka yote ile ya mashine za kiwanda cha chai ilimaliza hayo masikio. Na simu ya boma ni moja, ya Shemeji, inashinda naye sokoni. Nikikuandikia humo, wauza nyanya wote wa Kiptere watakuwa wamesoma kabla yako. Basi ni barua. Chege wa viazi amekubali kuzibeba lori lake likipita huku, bora asiharakishwe.

Sasa kozi. Tuko thelathini na mmoja: manesi, watu wa maabara, maafisa wa kliniki. Waliovuka miaka arobaini ni mimi na Omariba wa Kisii peke yetu, na vijana wanatuita wazazi. Wanatufundisha kuhamisha faili za wagonjwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta, ili mtu akitibiwa Kiptere leo, kesho akiingia kituo kingine, daktari wa huko aone kila kitu. Tukimaliza tutaitwa maafisa wa habari za afya. Hiyo ni kazi yenye meza na mlango wake, kaka.

Nimekuwa nesi miaka kumi na tisa. Wasichana niliowafundisha kushika sindano wamenipita vyeo. Baba aliuza ng'ombe wewe ukasoma. Mimi nilichuna chai nikajisomesha. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu ni kweli. Hiki sasa ni changu, sikupewa na mtu.

Kuna mkataba tumetia sahihi. Kozi ikiisha, miaka minne unafanya kazi popote mradi huu unaotusomesha utakapokuweka. Ukitoka kabla, unarudisha gharama yote ya kozi. Nilipiga hesabu nikaona miaka minne si kitu.

Ng'ombe wangu anatoa lita ngapi? Usiniandikie kwamba anaendelea vizuri. Nataka lita.

Dada yako,
Rebeccah


Kiptere, 2 Machi 2025

Rebeccah,

Ng'ombe wako anaendelea vizuri.

Haya, usirarue barua. Ni lita saba asubuhi, nne jioni. Wacuka anasema ukirudi na hiyo meza yako yenye mlango, uje na kiti pia, maana hapa tukikaa wote mmoja anakalia jerikeni.

Tuko salama. Mvua imechelewa, chai imekuwa ngumu kama ngozi. Mama Kiplimo ameanza kliniki. Alimkuta kwenye dispensari yule nesi aliyewekwa kwenye nafasi yako, Nyanchoka, msichana mpole. Nilidhani nafasi yako inakungoja, lakini naona wamemletea hata kabati jipya.

Sikusoma mkataba wako. Lakini pale kiwandani pia tulitia sahihi karatasi, na hakuna mahali iliandikwa masikio. Uliza kile ambacho hakijaandikwa.

Kaka yako,
Kipyegon


Bomet, 27 Aprili 2025

Kaka,

Nashukuru kwa lita. Nashukuru pia kwa habari ya kabati, ingawa haikunifurahisha. Hakuna mtu wa mradi aliyeniambia nafasi yangu imejazwa. Nilipouliza, Bwana Muturi, mkufunzi wetu, alicheka: "Sista Rebeccah, wewe unaangalia nyuma kwa nini? Huko ni bandeji. Huku ni kesho."

Nisikupe uchungu peke yake. Mwezi huu nimewashinda wote, hata wale watoto wanaochapa bila kuangalia vidole. Walituletea rekodi za dispensari za Kericho na Bomet, maelfu, na kazi ilikuwa kuondoa zilizojirudia. Unajua watu wetu: mtu anaandikishwa leo, akirudi baada ya miezi miwili anaandikishwa upya, maana kadi ililiwa na mbuzi. Kwa hivyo mtu mmoja ana faili tatu. Kanuni ya Muturi ni rahisi: kitambulisho kikikosekana, angalia jina, simu, na tarehe ya kuzaliwa. Vitatu vikikubaliana, huyo ni mtu mmoja, unganisha. Faili mbili zinakuwa moja, na pale zinapopingana, mfumo unafuata iliyo mpya.

Nimeunganisha nyingi kuliko mwanafunzi yeyote. Jina langu liko juu ubaoni. Omariba ameniita mashine ya kukamua. Nilisikia raha, kaka, sitakudanganya. Ni mara ya kwanza mtu kuweka jina langu juu ya kitu.

Mama Kiplimo ana miezi mingapi sasa? Amepata sindano ya pepopunda?

Rebeccah


Kiptere, 15 Juni 2025

Rebeccah,

Usimlaumu Chege kwa kuchelewa. Nilikaa na kalamu mara kadhaa nikaiweka chini.

Mvua imekuja, na yote kwa mara moja. Majani ni mengi, kituo cha kupimia kinajaa mpaka watu wanaacha magunia nje. Cheruto ameota jino, amemuuma Wacuka kidole, na Wacuka anamwonyesha kila mteja alama.

Mama Kiplimo alikuwa amelazwa. Sasa yuko nyumbani, anapumzika. Kuna dawa ilimkataa. Wacuka ndiye anamchotea maji kwa sasa.

Mwezi huu ng'ombe amepunguza kidogo, ni matope. Nitakuandikia lita akitulia.

Kipyegon


Bomet, 22 Juni 2025

Kaka,

Salamu kwa wote. Naandika haraka, Chege yuko langoni na injini inanguruma.

Dawa gani? Kituo gani? Alipewa kwa nini? Na mimba? Umeandika juu ya jino la Cheruto na matope ya ng'ombe, hukuandika mimba. Mimi ni nesi, usinilishe kama mgeni.

Rebeccah


Kiptere, 20 Julai 2025

Rebeccah,

Hapa watu wanakula na wanalala, kama unavyosema wewe.

Koo lilimvimba akiwa ametembelea kwao. Wakampeleka kituo kimoja njia ya Sotik, mahali pazuri, pana kompyuta kila meza. Wakataka kumdunga penisilini. Akamwambia nesi, "Hiyo sindano ilinikataa zamani, Kiptere walinikataza." Nesi akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe. "Mama, faili yako hii hapa. Hakuna kitu kama hicho. Wewe unaogopa sindano tu." Akapanda kitandani. Utabishanaje na kioo? Kabla hajashuka alikuwa amezimia.

Wacuka anasema lile katazo liliandikwa na wewe mwenyewe, ukiwa bado Kiptere, kwa wino mwekundu, Mama Kiplimo alipovimba mwili mzima mwaka ule. Ni kweli?

Basi niambie wewe uliyesomea. Kompyuta ilitoa wapi hayo maneno?

Juu ya mimba sitaandika leo.

Kipyegon


Bomet, 3 Agosti 2025

Kaka yangu,

Sijui nianze kusalimu nani, kwa hivyo nawasalimu wote pamoja.

Ni kweli, niliandika mimi. Niliandika tena kwenye kompyuta, dispensari ilipoletewa ile ya kwanza: asipewe penisilini kamwe. Kwa hivyo jana, wenzangu walipokwenda kula, nilitafuta. Nilitumia nambari ya simu ya Shemeji kwa sababu najua boma lote linaandikisha hiyo. Likaja jina moja, Chepkoech Mutai. Nikatafuta yule mwingine, Mama Cheruto. Hakuna.

Nikafungua. Mle ndani kuna kujifungua kwa watoto wa watu wawili. Kiplimo yumo na Cheruto yumo, kama wametoka tumbo moja. Na kwenye mzio wa dawa imeandikwa: hakuna. Hiyo ni ya Mama Cheruto, ndiyo iliyokuwa mpya.

Kaka, miaka saba nimekula chakula kilichopikwa na hawa wasichana. Sikuwahi kujua kwamba wote wawili ni Chepkoech. Tangu wazae ni Mama Kiplimo, Mama Cheruto. Kabla ya hapo walikuwa mke wa mkubwa na mke wa mdogo. Kumbe wote walizaliwa alfajiri wakapewa jina la alfajiri, wakaolewa na ndugu wawili wakapata Mutai, wakaandikisha simu moja ya mama mkwe. Na tarehe ya kuzaliwa: wote tarehe moja Januari. Hiyo nayo ni sisi manesi. Foleni ikiwa ndefu tunauliza tu, "Wewe ni wa mwaka gani?" Ukiipa kompyuta mwaka peke yake, inajijazia tarehe moja Januari. Mwaka wao ni mmoja.

Jina, simu, tarehe. Vitatu vimekubaliana. Simu kwenye kioo chetu huonekana kwa nyota, tarakimu mbili tu za mwisho, ili kulinda siri ya mgonjwa. Aliyeunganisha hangejua.

Nilimwendea Muturi. Akafunga mlango. "Faili hizo huwezi kuzitenganisha wewe, lazima ombi lipande juu. Likipanda juu, wafadhili wataona wiki chache kabla ya kufunga kozi. Subiri uhitimu, Sista. Baada ya hapo andika barua hata tano."

Sijui nifanye nini. Niambie juu ya mimba.

Rebeccah


Kiptere, 24 Agosti 2025

Rebeccah,

Unaandika "aliyeunganisha hangejua." Mnamo Aprili ulikuwa unaandika "nimeunganisha."

Mimi ni kiziwi, si mjinga.

Alikuwa msichana. Mama Kiplimo alimzaa mtoto ameshapoa, hana pumzi. Baba yake, Kipkirui, alichimba kaburi mwenyewe, nyuma ya chai, upande wa miti, na hakutaka nimsaidie. Sikukuandikia kwa sababu nilifikiri utalia ukiwa peke yako huko kwenye baridi. Unaona nilivyokuwa nakuhurumia.

Sasa umenifungia ndani pamoja nawe. Kipkirui anashinda akisema atamtafuta nesi wa ile njia ya Sotik amuulize macho kwa macho. Wazazi wa mke wake wanataka tukae tuongee, wanataka kujua ni nani. Mimi nakaa katikati, nasoma midomo yao, na najua. Naogopa hata kupiga chafya, jina lako lisitoke. Wacuka ameanza kuniuliza kwa nini sili.

Nilimuuliza Mama Kiplimo kama kuna kitu anataka. Alisema, polepole ili nione mdomo: "Niliwaambia. Niliwaambia na mdomo wangu."

Usiniandikie habari za Muturi. Niandikie utafanya nini.

Kipyegon


Bomet, 12 Oktoba 2025

Kaka,

Leo sisalimu kwanza. Ni mimi niliyebonyeza. Nilipaswa kuiandika hivyo tangu mwanzo.

Nimenyamaza wiki nyingi kwa sababu nilikuwa nahesabu, na kila nilipohesabu nilijikuta ndani ya ukuta. Nikisema, cheti kinakwenda, na mkataba unabaki. Nikinyamaza, napata meza na mlango, na kila asubuhi nitaufungua huo mlango nikijua. Nikikimbia, nitalipa kozi nzima, na Kiptere kwenye kiti changu amekaa Nyanchoka na kabati lake jipya. Hata unesi umefungwa.

Halafu nikafanya hesabu nyingine. Niliomba kuona nilizounganisha mimi ambazo ni za wanawake wenye Januari moja na simu moja ya boma. Ni mia mbili na kumi na nne. Baadhi ni mtu mmoja kweli. Lakini wewe fikiria kilima chetu tu: ni nyumba ngapi zina wake wawili waliozaliwa saa ileile wakapewa jina moja, au mama na binti mkwe wanaotumia simu moja? Miongoni mwa hao kuna mwenye kisukari aliyeandikwa mzima. Kuna aliyeandikiwa kundi la damu lisilo lake. Na wote wakijisemea kwa mdomo, wataonyeshwa kioo.

Siku ya kufunga kozi wafadhili walikuja. Muturi akaweka ukutani picha ya namba: rekodi zilizojirudia zimepungua kwa asilimia thelathini na nane. Wakapiga makofi. Akasema, "Na hapa tunaye mama aliyetuongoza," akanionyesha mimi nisimame.

Nikasimama. Nikasema, "Hizo asilimia ndani yake kuna watu wawili waliofanywa mmoja, na mmoja wao amezika mtoto. Niliwaunganisha mimi."

Muturi akacheka kidogo. "Sista amechoka, kozi imekuwa ndefu."

Nikamwambia, "Sijachoka. Fungua faili."

Omariba ndiye aliyeinuka akazima ile picha ukutani, kisha akakaa kando yangu. Hakuna mwingine aliyekuja.

Sikupewa cheti. Muturi bado yuko, ameandika ripoti kwamba kosa ni la mwanafunzi asiyefuata maelekezo. Nami nimefuata maelekezo mpaka mwisho wake. Na mkataba, kama nilivyohesabu, haukuvunjika. Wameniweka chumba cha nyuma hapa Bomet, dirisha linatazama tangi la maji. Kazi yangu kwa miaka minne ni kutenganisha nilichounganisha, faili kwa faili. Niliomba kazi yenye mlango. Nimepewa, na ufunguo anao mtu mwingine.

Lakini nimepata kibali kimoja nilichokitaka. Faili haitenganishwi mpaka mwenyewe aje, asimame mbele ya mtu, aseme yeye ni nani. Nitakuwa nazunguka dispensari. Kiptere nitakuwa wiki ya pili ya Novemba. Naomba hao wawili waje.

Na mwambie Kipkirui. Mwambie leo. Usibebe tena kitu changu.

Rebeccah


Kiptere, 30 Novemba 2025

Rebeccah,

Nimemwambia. Nilimwambia tukiwa kwenye chai, sote wawili tumebeba vikapu mgongoni, ili asiwe na mkono wa kunipiga. Hakunipiga. Alimaliza mstari wake, akaenda kupimisha, akarudi, akamfungua ng'ombe wako zizini. Alimpeleka kwa jirani akasema amlishe na amkamue, maziwa awe nayo. Hataki maziwa yako yanywewe kwenye boma hili. Sikumzuia. Kwa hivyo lita sasa sina za kukuambia.

Wazazi wa msichana walikuja. Tulikaa. Wacuka alilia kuliko mtu yeyote, anasema ni simu yake. Nilimwambia simu haina kosa. Amenunua laini mbili mpya, kila mke wa kijana na yake, na bado anazipokea zote yeye.

Najua ulikuja Kiptere. Nilikuona kwa mbali, umekaa chini ya mabati ya dispensari na ile kompyuta, na wanawake wamejipanga. Sikushuka kukusalimu. Kipkirui alikuwa ananitazama. Nawe pia uliniona, ulinyanyua mkono ukaurudisha.

Mama Cheruto alikuja kwako, unajua. Anasema hukumuuliza mwaka. Ulimuuliza siku, na mama yake mzazi anaitwa nani, na ukaandika yote hata foleni ikanung'unika. Mama Kiplimo hakuja. Alisema hatasimama tena mbele ya kioo chochote kiseme yeye ni nani.

Sasa naandika hii, yeye mwenyewe ameingia kuniletea chai. Ameona jina lako juu ya karatasi, akasimama hapo. Nikamuuliza kama niandike kwamba Mama Kiplimo anakusalimu. Akatikisa kichwa. Nikasema basi, sitaandika.

Lakini hakuondoka. Ameinama mpaka uso wake uko mbele ya uso wangu, akasema polepole ili nisikose hata neno moja. Naandika kama alivyosema, siongezi changu.

Alizaliwa tarehe ishirini na tatu Agosti. Mama yake anaitwa Rodah. Penisilini inamkataa. Anaitwa Chepkoech.

Hakusema anakusalimu. Alisema uandike.

Kipyegon